Mahindi Huku, Maharagwe Kule

Feri ilikuwa imeshaiacha Likoni ndipo Mwikali alipopapasa ufunguo mfukoni. Bi Waridi, mama mtu mzima aliyesimama hatua mbili kando yake kwa sharti la korona, akamwona. "Umesahau kitu, mwanangu?"

"Shikamoo mama. La, nimewafungia watoto nyumbani. Watatu, na shule zimefungwa."

"Marahaba. Wafanyani humo ndani?"

"Huwachanganyia mahindi na maharagwe, wayatenganishe mpaka nirudi kutoka kiwandani. Nikirudi nayapika pamoja."

Bi Waridi alicheka hata barakoa ikamshuka kidevuni, mahali ambapo barakoa nyingi za feri ile zilikuwa zimeshahamia. "Wallahi, nyinyi watu wa bara! Na hawajagundua?"

"Jana wamegundua. Mkubwa aliniuliza, 'Mama, mbona kila jioni unaharibu kazi yetu?'"

"Basi leo hawachambui."

"Leo sijui watafanya nini," Mwikali alisema, na kicheko kikaisha.

"Na kufuli umelitia kwa nje? Moto ukishika je?"

"Nikiacha wazi watakimbilia barabarani, na ugonjwa uko huko. Majirani nao siku hizi hawapokei mtoto wa mtu. Wewe ungefanyaje, mama?"

Bi Waridi alikuwa na wajukuu saba. "Mie ningewasukisha ukili wa mikeka," alisema polepole. "Lakini mlango ningeuacha wazi."

"Wewe una mtu wa kubaki nao."

Feri ikafika ng'ambo. Bi Waridi alikwenda soko la Kongowea, akanunua samaki. Mwikali hakushuka, alirudi na feri ile ile, akawakuta watoto wamelala sakafuni, wazima wote. Kibarua chake cha kiwandani alipewa mwingine kabla ya saa tatu.