Niliomba Dakika Mbili Tu Nisalimie Watu

Wapendwa wa hapa Barking, na ninyi mliopanda treni kutoka mbali, asanteni kwa nafasi hii. Ila ombi moja kabla sijaanza: msinipigie makofi. Makofi kwangu ni kama pombe kwa mtu aliyeacha juzi. Mkinionjesha kidogo tu tutalala hapa, na wenye ukumbi wanataka ufunguo wao jioni.

Kwa wasionijua, mimi nilikuwa mheshimiwa. Mnacheka? Hata dada yangu pale nyuma anacheka, na yeye ndiye aliyenipa chumba! Nilikuwa mwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Natoka mji mdogo, ule ambao basi husimama watu wanunue mahindi ya kuchoma, kisha linaondoka. Shule nilifika kidato cha nne, nikatoka na alama ambazo mama alipoziona aliuliza kama kuna ukurasa wa pili.

Kazi yangu ilikuwa kukodisha hema na viti. Kila harusi nipo, kila matanga nipo. Napanga viti, nasaidia kubeba sufuria, na nikiona mfiwa amekaa peke yake nampelekea chai. Niliipenda kazi ile. Lakini nilikuwa mtu wa ndoto: siku moja na mimi nitashika kipaza sauti. Maana mnajua kwetu hakuna mazishi bila mwanasiasa. Mchungaji yuko katikati ya mahubiri, mheshimiwa anaingia amechelewa, anaomba "dakika mbili tu nisalimie watu". Na zile dakika mbili, marehemu mwenyewe angeweza angeamka akatafuta kiti.

Basi uchaguzi ukakaribia, vijana wa stendi wakaniambia, "Wewe umesaidia kuzika nusu ya wadi hii, nani asiyekujua?" Nikasimama. Nikashinda!

Ndugu zangu, nawaambia, nilianza vizuri. Hoja yangu ya kwanza bungeni ilikuwa choo cha soko. Akina mama walikuwa wakibanwa wanavuka barabara kwenda kuomba choo hotelini, na mwenye hoteli anawataka wanunue soda kwanza. Soda, jamani, kwa mtu aliyebanwa! Nikapigania mpaka choo kikajengwa, vigae mpaka juu ukutani. Nikakizungushia utepe, nikatia kufuli, nikangoja gavana aje azindue.

Gavana hakuja. Leo ana wageni, kesho yuko Nairobi. Mama mmoja wa viazi, mwenyekiti wa soko, akanijia ofisini.

"Mheshimiwa, tufungulie tu. Huo utepe tutauruka."

"Mama, mambo ya serikali yana utaratibu."

Akanitazama, amebana magoti. "Haya yangu hayana, mwanangu."

Sikufungua. Kampeni zikarudi, utepe umepauka na kufuli limeshika kutu. Mpinzani wangu alikuwa na sera moja tu: mkasi. Anapanda jukwaani, anauinua juu, soko zima linapiga vigelegele. Hakusema neno. Alinishinda vibaya sana.

Simu yangu ikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kuamka na watu mlangoni, sasa naamka na jogoo. Viti na hema nikaona aibu kuvirudia. Mheshimiwa atabebaje viti? Nikawa nashinda nyumbani nimevaa suti, nasubiri nisichokijua. Mama yangu akaanza kunitafutia safari ndogondogo, "Nenda kaniletee chumvi," ili tu nitoke. Ninyi mnaweza kucheka, lakini zile siku zilikuwa nzito.

Dada yangu huyu, binti wa mama mkubwa, ni nesi huku ng'ambo. Akanipigia simu. "Kuna kampuni inatafuta watu wa kea, wa kuwahudumia wazee majumbani. Njoo. Lakini uje wewe, huyo mheshimiwa mwache huko."

Sikumwacha. Tulipanda naye ndege moja.

Mnakumbuka wenyewe. Nikiingia kwenye basi, nilisalimia abiria wote, na wa ghorofa ya juu niliwapandia. Nikipewa lifti nilikaa kiti cha nyuma nikingoja kufunguliwa mlango. Mwana wa dada yangu alikuwa akinisindikiza kituoni, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Anko, watu wanadhani unauza kitu." Na siku wageni walipoambiwa wajitambulishe hapa kanisani, mama wa ukaribisho, nawe shahidi, wali ulipoa.

Kazini nikapewa mzee mmoja, si mbali na hapa. Wiki ya kwanza nikaona mapipa ya taka ya mtaa mzima hayajachukuliwa. Mwenzenu nikaita mkutano wa hadhara. Nilisimama barabarani nikigonga kifuniko cha pipa. Alitoka mama mmoja aliyedhani nyumba inaungua, na paka. Nikawahutubia wote wawili.

Meneja wangu akaniita. Ni mama wa Kinigeria, haongei sana. Alisema, "Malalamiko yamefika. Likija jingine moja, kazi imekwisha." Na wengi wenu mnajua, kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo. Kazi ikiondoka, na mimi naondoka, kurudi kwa jogoo na suti.

Basi nikatulia kwa mzee wangu. Alikuwa peke yake. Mkewe alivunjika nyonga, akachukuliwa na binti yao anayekaa mbali kaskazini, apone huko. Mzee akakataa kuhama. "Nani atamwagilia nyanya zangu?" Nyanya zenyewe tatu, dirishani! Nikawa namwogesha, namvalisha, namchemshia yai lake. Na jioni anamwambia mkewe kwenye simu, "Hapa kuna kijana mwenye maneno mengi," kisha anaikata kabla hajaeleza, maana hakupenda simu. Alifariki kabla mkewe hajapata nafuu ya kusafiri.

Nilimlilia, nisiwafiche. Nikaomba ruhusa ya kwenda kumzika. Meneja akakubali. "Ukae nyuma. Unyamaze."

Nikakaa nyuma kabisa. Ibada ilikuwa katika kanisa dogo pale wanapochomea miili. Na pale, wapendwa, mazishi yanapangwa kama miadi ya daktari: familia hii ikitokea mlango ule, ile nyingine inaingilia mlango huu. Watu walikuwa wachache, viti vingi vitupu. Wakasoma, wakaimba kidogo. Mtu wa kanisa akauliza, kwa adabu tu, kama kuna yeyote angependa kusema neno.

Ndugu zangu, mtu aliyekuwa mwanasiasa usimwulize swali hilo!

Niliona miguu yangu ikitembea. Nikafika mbele, nikafunga kifungo cha koti. "Mchungaji, familia, wazee, akina mama na vijana, itifaki yote nimezingatia. Nimeomba dakika mbili tu nisalimie watu. Hamjambo?"

Kimya. Kwetu watu wakinyamaza ni kwamba hawajasikia, nikapaza sauti: "HAMJAMBO?"

Bwana mmoja mbele akajibu kwa woga, "Hatujambo, asante."

Nikaanza ile hotuba yangu ya siku zote, familia hii nitasimama nayo, na barabara ya kuja hapa tutaiangalia. Nilipofika kwenye habari ya barabara macho yangu yakamwona mke wa mzee. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, ananitazama kama mtu anayengoja kuletewa kitu. Hotuba ikakauka. Sikuwa na lolote la kumpa mama yule isipokuwa asubuhi za mumewe. Basi nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia yai. Siku ya kwanza nililichemsha la kwetu, gumu kama jiwe. Akaligonga mezani, lisipasuke. Akaligonga tena. Akanitazama, akaniambia..."

Muziki ukawashwa! Muda wetu ulikuwa umekwisha, gari la maiti nyingine liko mlangoni, na bwana mwenye glavu nyeupe ananishika kiwiko kwa upole sana. Nilitolewa nje ya mazishi, jamani. Mimi, niliyepanga viti vya matanga miaka yote ile.

Nilimweleza dada yangu, akaenda kuninunulia sanduku la safari. Simu ya meneja ilipokuja nilisimama wima kuipokea.

"Binti wa marehemu amepiga," akasema. "Mama yake amerudi nyumbani kwake. Tangu mazishi hazungumzi na mtu, na wahudumu wawili amewafukuza. Anamtaka yule aliyekatizwa."

Nilikwenda na hotuba nzuri ya pole, nimeikariri ndani ya basi bila kumsalimia mtu. Mama yule alikuwa mezani. Sikupata hata nafasi ya kuvua koti.

"Kijana," akasema, "alikuambia nini?"

Nikakaa. Nikamweleza. Mzee aliniambia, "Yai hili linafaa kumpiga nalo mwanasiasa." Nikamjibu, "Mimi ni mwanasiasa, na nimeshapigwa." Akataka kujua nimepigwa na nini, nikamsimulia habari ya choo, utepe na yule bwana wa mkasi. Alicheka mpaka nikamletea maji. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliagiza yai gumu na kisa cha mama wa viazi.

Mama akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, nami nimeshika kitambaa sijui nifute upande gani. Kisha akaanza kuongea yeye. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ninyi mashahidi, nilinyamaza.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, kazi ninayo. Namshukuru dada yangu, na lile sanduku limerudishwa dukani. Namshukuru meneja wangu, aliyenipa nafasi mbili na kuziita moja. Nawashukuru ninyi mliokula wali wa baridi bila kunisema mbele yangu. Na mama wa viazi huko nyumbani nimempigia simu kumwomba msamaha. Aliniuliza kama huku vyoo vina gavana.

Bado naota, sitawadanganya. Pengine nitarudi nisimame tena. Pengine nitarudi kwa viti na hema, sasa sioni aibu. Nililojifunza ni dogo: mimi nilikuwa nasalimia watu siku zote, ila sikuwahi kungoja wanijibu. Ukimsalimia mtu, ngoja. Anaweza kuwa na jambo.

Sasa niruhusuni niondoke mapema, zamu yangu inaanza. Jana mke wa mzee wangu alikuwa akinisimulia walivyokutana, akaishia dansini, kijana mwembamba amemkanyaga mguu na kumgeukia afungue mdomo, na hapo mama akashikwa na usingizi. Nataka nikasikie alimwambia nini.