Mwendo Uliopigiwa Kura

Benchi la kona ya duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe hawataki kusikia habari za kulirekebisha. Kila asubuhi hukaa watu watatu kunywa kahawa ya Mama Birika, na hakuna jambo duniani wasilolijua. Gia aliendesha lori miaka thelathini. Mshale hutengeneza saa. Waya huhamisha sauti za kanda kuukuu kwenye kompyuta, kwa hiyo ndiye msomi wao. Leo msomi amekaa na kahawa iliyopoa, macho yamemwiva. Tangu jana mchana hadi alfajiri hii alisikiliza kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, kanda kumi na moja za marehemu mama yake alizozihamisha. Mama hakujua kuandika. Alipokwenda kufanya kazi mbali, aliwatumia wanawe kanda badala ya barua. Katika kila moja, baada ya salamu, sauti inakatika, inakwaruza, inapotea. Na kanda zenyewe zilikuwa zimezeeka hata zikavumilia kuchezwa mara moja tu. Unga wake wote, ule unaobeba sauti, ukabaki ndani ya redio ya kaseti. Dada yake, aliyezitunza ndani ya kopo la unga miaka yote hiyo, anakuja leo kusikiliza.

Gia: Kosa ni la hiyo mashine yako, kompyuta. Ilishadekezwa.

Waya: Mashine haikuwa na neno. Ilikuwa na mpango wake wa kujiongezea mwendo yenyewe. Inapima joto, inapima umeme, ikifika mwendo wa gigahezi nne nukta tatu inasema basi. Kosa langu ni kuja kuwaambia nyinyi.

Hapo alisema kweli tupu. Wiki mbili nyuma alipowaeleza habari hiyo, Gia alicheka mpaka kahawa ikampalia. Tangu lini mfanyakazi akajipangia kazi? Gari linalojibadilishia gia ni la watu waliochoka kuishi! Weka kwa mkono, bwana! Na kwa kuwa benchi lile hupiga kura hata kuhusu mvua itanyesha lini, wakaupigia kura mwendo wa prosesa, ubongo wa kompyuta. Gia akataja nne nukta saba. Mshale, asiyekubali kushindwa, akapanda hadi nne nukta tisa. Mama Birika, aliyedhani wanazungumzia vijiko vya sukari, akasema tano. Tano ikapita. Waya akaenda akaiandika, akaongeza na umeme kwa mkono, kisha akaijaribu mashine kwa kipimo cha benchi: kikombe kimoja cha kahawa. Kahawa ikaisha, mashine haijazima. Akarudi akashangiliwa, na tuseme ukweli, alipenda mno kushangiliwa. Kwa mwendo huo huo akazihamisha kanda za mama.

Mshale: Mimi tangu mwanzo nilikuwa upande wa otomatiki.

Gia: Wewe? Si wewe uliyesema nne nukta tisa?

Mshale: Nilisema ili ukome! Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Gia: Na wewe ndiye uliyechovya mkono mzima.

Waya: Prosesa iliyozidishiwa hupimwa siku nzima, tena kwa kazi nzito. Inaweza isizime, ikawa inakosea hesabu kimyakimya. Nilijua hayo yote.

Gia: Ulijua, mbona ukanyamaza?

Waya: Mlikuwa mnanipigia makofi.

 Lakini benchi halikosi maelezo.

Mshale: Mnajua nini? Umeme ulizidi kazi. Prosesa ikawa na nguvu za bure, ikaanza kutafuna sauti.

Gia: Wapi! Prosesa imezaliwa otomatiki. Ukiiwekea mkono, inakuona mama wa kambo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mshale: Methali hiyo haingii hapo.

Gia: Inaingia! Mashine ndiye mwana. Tazama nani analia.

Mshale: Basi ni wivu. Mashine haijawahi kuwa na mama. Imekaa saa zote zile inamsikia mama wa mwenzake akiongea na wanawe. Ikashindwa kuvumilia.

Hakuna aliyecheka. Waya aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na tano yake.

Dada yake akatokea kwenye kona, kopo tupu kwapani.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama, wakajibu.

— Shikamoo, dada, Waya akasema.

— Marahaba. Mbona uko hivyo?

Akamweleza yote, hata ile kura. Dada akakaa upande wa tofali, akaweka kopo mapajani.

— Kanda moja ilikuwa ya dakika ngapi?

— Tisini, dada.

— Na kuinasa kwenye mashine unachukua dakika ngapi?

— Tisini hizo hizo. Lazima umsubiri amalize kusema.

— Sasa mliiongezea mwendo ili mumuwahishe mama wapi?

 Mshale akatazama saa yake, kama vile jibu lingekuwa humo. Mama Birika akainua birika awamiminie, likatoa mashapo tu.

— Yaliyobaki ni salamu peke yake, Waya akasema.

— Niwekee.

Akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka, safi kabisa, ikavuka kona: "Wanangu, hamjambo? Ni mimi. Kaeni vizuri, leo nina mengi ya kuwaambia."

Kisha mikwaruzo ikaanza. Waya akanyoosha kidole azime, dada akamshika mkono.

— Acha. Hajamaliza.

Basi wakakaa pale wote wanne na Mama Birika wao, wanasikiliza mikwaruzo, na zilikuwa zimebaki dakika themanini na tisa.