Bwana Alama, Aliyekataa Kulishusha Daraja

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa baba mpasua mbao na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari ya bweni, kisha chuo, alikohitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1975.

Kazi aliianza kwa kosa, na mwenyewe hakulificha. Mwaka 1977 alipima na kujenga daraja letu la kwanza. Bibi mmoja mkulima akamwonyesha ukuta wa ghala lake: "Mjukuu wangu, maji yaliwahi kufika hapa." Msomi wetu akacheka, yeye alikuwa na takwimu za miaka kumi! Mvua za mwaka uliofuata zikalizoa daraja. Alirudi kwa bibi kuomba radhi, kopo la rangi nyekundu mkononi. Tangu hapo hakuchora daraja lolote kabla ya kuwauliza wakongwe wa kando ya mto na kupiga alama ya mafuriko ukutani. Ndipo akaitwa Bwana Alama.

Alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu tarehe 14 Agosti 1982. Miaka saba baadaye, wakubwa walimtaka alishushe daraja jipya mita moja ili gharama ipungue. Mkewe, mjamzito wa mtoto wa tatu, alimwuliza, "Ukitia sahihi, usingizi utaupata wapi?" Hakutia. Mradi ukasimama, naye wakamhamishia bohari, miaka sita anahesabu misumari. Jamani, mhandisi mzima! Watu wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka 1995 mkuu mpya akalifufua faili. Daraja likajengwa kwa kimo alichotaka, na likatengewa fungu la matengenezo ya kila mwaka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Tarehe 23 Aprili mwaka huu alizidiwa, mto umefurika kuliko tunavyokumbuka, na hospitali iko ng'ambo. Katikati ya daraja alimwuliza dereva, "Maji yamebakiza kiasi gani?"

"Kama nusu mita, mzee."

"Haya, twende."

Lingeshushwa ile mita, tusingevuka. Tulikaa naye wiki tano zaidi, akiongea, akitania wauguzi. Alifariki Jumatano, tarehe 28 Mei 2025.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na sisi wadogo zake wawili. Shemeji ameomba tumsomee neno lake moja: "Alinichosha kwa ubishi wake, na tangu Jumatano nyumba imekuwa kimya mno."

Kaka, pumzika kwa amani.