Redio ya Kupima Omena

Pale Suneka, nyuma ya duka la mbolea, tuna benchi moja, thamosi moja ya kahawa na wataalamu watatu: Machogu tunayemwita Profesa, Ombui tunayemwita Waziri, na mimi mwenye redio. Asubuhi hiyo redio ilisema Wajapani bado wanapima maji ya bahari tangu mtambo wao wa nyuklia uharibike, wajue kama yana sumu ya mionzi. Basi na sisi tukaamua kupima. Bahati mbaya, kitu cha karibu chenye harufu ya maji kilikuwa beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, la mama Aketch anayeuza kando yetu.

Profesa: Osoro, sogeza redio kwa beseni.

Nikasogeza. Krrrrr!

Profesa: Mmesikia? Hiyo ni mionzi.

Aketch: Mionzi gani? Hii omena imetoka ziwani jana!

Waziri: Ziwa na bahari ni ndugu, mama. Zinajuana huko chini.

Profesa: Na juu pia! Maji ya Japani yanakuwa wingu, wingu linakuja mpaka Ogembo, linanyeshea majani chai. Ndiyo maana chai siku hizi haina ladha.

Waziri: Kumbe! Ndiyo maana ng'ombe yangu macho inawaka.

Profesa: Si inakunywa maji ya mto?

Waziri: Lakini inalamba chumvi. Na chumvi inatoka wapi? Bahari!

Aketch: Wazee, nihurumieni. Nisipouza hii leo, kesho siendi ziwani.

Profesa: Vumilia, mama. Sayansi haina haraka.

Wateja wawili wakasikia redio ikikwaruza, wakavuka barabara kununua mboga ya chinsaga. Niliona haya, kweli. Lakini maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniita mtaalamu, kwa hivyo nikaongeza sauti.

Hapo akashuka kwa boda Orpah, nesi wa Nyanchwa, mfuko mkononi.

Orpah: Mnafanya nini na redio kwa omena?

Profesa: Tunapima mionzi, sista. Sikiza!

Krrrrr!

Orpah: Na mkiipeleka mbali na omena, inanyamaza?

Profesa akamwangalia Waziri. Waziri akaniangalia mimi. Nikainua kikombe kuficha uso, kumbe ni kitupu. Thamosi nayo, hata tone. Ikabidi niinuke na redio yangu. Nikafika duka la mbolea: krrrrr. Nikafika geti ya kanisa: krrrrr. Ukweli ni kwamba imekuwa hivyo tangu Krismasi, ilipotumbukia kwa ndoo ya uji, na mimi nilijua.

Niliporudi, Orpah alikuwa ameshanunua omena yake na kuondoka. Profesa na Waziri walikuwa wanachunguza viatu vyao. Aketch hakunitukana, na heri angenitukana. Alijaza tu mkebe wake wa kupimia mpaka ukafurika, akaushika hivyo, akiningoja.

"Nipe mikebe mitatu, mama," nikasema. "Mmoja wa kila mtaalamu."