Namna ya Kujifukuza Kazi Mwenyewe

Benchi letu liko Uwanja wa Mariachi, yaani wa sisi wapiga muziki wa Kimeksiko, Boyle Heights, Los Angeles, na mtu akitaka muziki anakuja hapo kutuchukua, kama wazazi wake walivyokuja kuwachukua wazazi wetu. Mwaka huu wa barakoa hakuna anayekuja. Harusi zimefutwa, ubatizo umefutwa, hata marehemu wanazikwa bila wimbo, na hilo mimi silisamehe. Asubuhi hiyo Don Eusebio, mpigaji wetu wa gitaa lile kubwa lenye tumbo, alikuwa anasubiri simu ya ofisi ya mafao. Serikali imesema safari hii hata waliojiajiri watapata fao la kukosa ajira, mradi waieleze ofisi kazi yao ikaeleweka. Asipoeleweka, Jumapili binti yake Maricruz anakuja kumhamishia kwake Fresno, mji wa mbali, na kundi bila gitaa lile si kundi. Mimi ni Ofelia, napiga fidla. Tarumbeta anapiga Pilipili, mtu asiyejua kunong'ona. Wa nne ni Wakili, anayepiga gitaa dogo. Jina hilo alilipata siku aliposhinda kesi ya kuegesha gari vibaya, na tangu hapo hatujapumua. Mama Licha, mchuuzi wa hapo uwanjani, alishatumiminia kahawa yake ya mdalasini na sukari guru, akarudi kwenye meza yake ya tamali, zile andazi za mahindi zinazopikwa ndani ya maganda.

Wakili: Don Eusebio, toa mkono kwenye nyuzi.

Don Eusebio: Nalifuta vumbi tu, mwanangu.

Wakili: Ndivyo inavyoanza. Ukigusa uzi mmoja, umefanya kazi. Ukifanya kazi, fao kwaheri.

Pilipili: Nani atamsikia hapa?

Wakili: Simu inasikia hata ukiwa umeizima. We vipi, huishi dunia hii?

Pilipili: Basi mimi nimekwisha. Jana nimepiga mluzi bafuni.

Wakili: Mluzi wa hivi hivi, au wa wimbo?

Pilipili: Wa wimbo. Mpaka kiitikio.

Wakili: Pole sana, ndugu yangu.

Msicheke. Wiki nzima tulikuwa hatujagusa ala zetu kwa sababu ya maneno kama hayo. Mimi mwenyewe, niliyesoma, nilikuwa nimeifungia fidla yangu kabatini na kuiwekea blanketi juu.

Don Eusebio: Mimi kinachonitisha ni swali moja tu. Wataniuliza mwajiri wangu wa mwisho ni nani. Nitamtaja nani?

Pilipili: Si maharusi? Waambie mwajiri wako ni kila bibi harusi wa Los Angeles.

Ofelia: Wote?

Pilipili: Wote. Wakitaka ushahidi, wawapigie simu mmoja mmoja. Mpaka wamalize, mzee ameshalipwa.

Wakili: Acha utoto. Bibi harusi ni mteja. Mwajiri wa mtu aliyejiajiri ni yeye mwenyewe. Sasa nisikilizeni vizuri. Fao anapewa nani? Aliyeachishwa kazi. Don Eusebio ameachishwa na nani?

Don Eusebio: Hakuna mtu.

Wakili: Ndiyo kasoro yenyewe! Lazima ujifukuze, na ujifukuze leo, kabla simu haijalia, mbele ya mashahidi.

Pilipili: Hapo umesema, Wakili. Lo! Kichwa kile.

Nilimwambia Wakili aache kumsumbua mzee wa watu, lakini Pilipili alishasimama na kusogeza vikombe. Wakaamua kwamba upande wa kulia wa benchi ni wa bosi, na wa kushoto ni wa mfanyakazi. Don Eusebio akakalishwa kulia.

Wakili: Haya, bosi. Mwite mfanyakazi wako.

Don Eusebio: Eusebio. Njoo, baba.

Wakili: Usimwite "baba"! Unamfukuza.

Don Eusebio: Eusebio, njoo. Umeamkaje? Magoti yanaendeleaje?

Pilipili: Huyu bosi ni mzuri mno. Na mimi aniajiri.

Wakili: Mwambie hana kazi tena. Ila angalia usimtie kosa. Usiseme mlevi, usiseme mchelewaji. Anayefukuzwa kwa kosa hapewi kitu.

Don Eusebio: Eusebio, kazi zimekuwa hazipo. Si kosa lako. Umepiga vizuri tangu ukiwa kijana. Basi… kuanzia leo… uende.

Wakili: Safi! Sasa hamia kushoto, ujibu.

Mzee akahama polepole, akalivuta na gitaa lake. Akaketi kushoto, akawa anaangalia ile nafasi aliyotoka kana kwamba bado kuna mtu.

Don Eusebio: Niende wapi, bosi?

Pilipili: Goma, mzee! Mwambie utaita chama cha wafanyakazi!

Wakili: Hawezi kugoma, atapoteza haki. Na bosi naye asilegee, akimrudisha kazini tu, fao limekwenda. Tena inafaa wasisalimiane kabisa mpaka mwisho wa mwaka.

Ofelia: Nani na nani wasisalimiane?

Wakili: Don Eusebio na Don Eusebio.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana mzee alikuwa amevua kofia na macho yamemjaa machozi. Akasema hawezi. Akasema tangu azaliwe hajawahi kumnyima mtu riziki, na leo anaambiwa aanze na huyu. Wakili akawa anakoroga kahawa iliyokwisha korogwa kitambo.

Hapo gari la bluu likasimama kando ya barabara. Sisi gari likisimama hatufikirii. Miguu inakwenda yenyewe, kila mtu anawahi dirisha. Tulifika wote wanne, Don Eusebio na magoti yake mabovu akiwa wa pili. Ndani alikuwemo msichana aliyevaa barakoa yenye maua.

Msichana: Shikamooni. Naitwa Yesenia. Mama yangu hajatoka chumbani tangu tumzike baba. Alizikwa bila hata wimbo mmoja, waliruhusiwa watu wachache tu. Leo ndiyo kumbukumbu ya siku waliyofunga ndoa. Mnaweza kuja kumpigia, nyinyi chini kwenye njia, yeye dirishani?

Pilipili akamtazama Wakili. Wakili akatazama viatu vyake.

Wakili: Dada yetu, ni hivi. Kwa sasa sisi kisheria hatuna kazi.

Yesenia: Ndiyo nimewaletea.

Wakili: Tukiichukua, tutakuwa nayo.

Yesenia: Sijaelewa. Kama hamna kazi, mbona mmevaa hivyo?

Tulijitazama. Koti fupi jeusi, vifungo vya fedha vimeshuka mguu mzima, tai imefungwa, viatu vinang'aa. Kila asubuhi tangu Machi tumevaa hivyo hivyo, na hakuna aliyetutuma.

Na simu ikalia.

Don Eusebio akaibonyeza, sauti ikatoka kubwa barabara nzima. Mama mmoja, Bi Petrosyan, wa ofisi ya mafao. Akamsalimia vizuri, akauliza mwajiri wake wa mwisho ni nani. Wakili akaanza kumwonyesha kwa vidole: kulia, kushoto, kulia! Mzee akampa mgongo.

Don Eusebio: Bibi, mimi sijui kusema uongo. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa harusi ya Montebello mwezi wa Machi, wakaifuta asubuhi yake. Tangu hapo hakuna. Lakini sasa hivi kuna binti hapa na gari, anataka nikampigie mama yake. Nikienda, nimepoteza?

Bi Petrosyan: Nani amekwambia unapoteza?

Don Eusebio: Wakili wangu.

Bi Petrosyan: Mtafute mwingine. Ukipata kibarua, unakiandika kwenye fomu ya wiki hiyo, na fao la wiki hiyo tunalipunguza. Hatukufutii. Hiyo harusi iliyofutwa ndiyo niliyokuwa naitafuta. Una ujumbe wao wa kufuta?

Don Eusebio: Ninao, kwenye simu hii hii.

Bi Petrosyan: Nitumie leo, nikupitishe. Limebaki swali moja, lazima niliulize. Kazi ikipatikana, uko tayari kuifanya?

Mzee alikuwa keshakaa kiti cha mbele, gitaa limemjaa mapajani, mkanda wa gari haufungiki.

Don Eusebio: Bibi, nimeshavaa.

Sisi watatu tukabanana nyuma, Wakili katikati, mdogo kama kitoto. Nilimwomba Yesenia apitie kwangu niichukue fidla. Njiani Don Eusebio akanipa simu, maana mikono yake ilikuwa inakaza nyuzi, kwa sauti, dirisha wazi.

Don Eusebio: Ofelia, mpigie Maricruz. Mwambie Jumapili aje kula. Mizigo sifungi.