Kiganja Chini ya Rangi

Ndani ya kivuko, mshonaji alijifanya amesinzia, maana mambo ya watu husikika vizuri zaidi macho yakiwa yamefumbwa. Mbele yake fundi rangi, brashi ya waya mkononi, alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi jirani naye ukuta wa chuma. Rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na kutu iliyochungulia ilikuwa na umbo la kiganja cha mtu, pamoja na vidole vyake.

"Kuna aliyegusa chuma kikiwa kitupu, kabla hakijapakwa," fundi alisema. "Jasho lina chumvi, mama. Chumvi hukaa chini ya rangi miaka na miaka, ikivuta maji kidogo kidogo, mpaka rangi inaachia. Ona, hata kidole kimoja kifupi kimetokea."

Mama yule aliinama akakitazama kile kidole kifupi. "Ni mume wangu," akasema. "Mashine ilimkata kidole. Kivuko hiki alikipaka yeye kikiwa kipya. Sasa hata kaburi lake limeota nyasi."

Mshonaji akasahau kusinzia.

"Pole sana, mama. Lakini kesho nakwangua. Kutu haina huruma, itatoboa."

"Kwangua kwingine kote, mwanangu. Hapa paache."

"Na ukuta ukitoboka nitamwambia nini nahodha?"

"Mwambie pana mtu."

Kivuko kikagonga gati, abiria wakainuka. Mshonaji, ambaye mambo hayo hayakumhusu, alinyoosha kiganja chake mpaka karibu kabisa na ukuta, akakumbuka jasho, akakirudisha taratibu.