Mara Nane Bila Kengele: Maisha ya Migdalia Rosado Quiñones

Padri Anselmo, wanangu, jamaa, majirani zetu wa Barrio Obrero, na nyinyi wanamuziki ambao leo mmefika kabla ya saa iliyotangazwa, jambo ambalo marehemu asingelisadiki hata angeonyeshwa picha, mimi ni Eliezer Pabón Lugo, mume wake, na nimesimama kusoma historia hii kwa sababu watoto wetu wawili waliijaribu jana sebuleni na hakuna aliyefika ukurasa wa pili.

Migdalia alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa kumi na moja alfajiri, katika mtaa wa Bélgica, mjini Ponce, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Justino Rosado, fundi wa mashine za kupigia santuri kwenye baa, na marehemu Hortensia Quiñones, mshonaji. Ukumbini mwao hamkukosa mashine tatu au nne mbovu, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kutofautisha santuri iliyochakaa na mpigaji aliyechoka kabla hajajua kutembea.

Alianza shule ya msingi hapohapo Ponce mwezi Agosti 1957, akajiunga na kwaya ya watoto ya parokia, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1960, akiwa na umri wa miaka tisa, aliinua mkono katikati ya wimbo wa sadaka na kusema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Hebu simameni, tuanze tena, nyie wa kushoto mnachelewa," na kilichomuumiza zaidi mwalimu wa kwaya ni kwamba kwaya ilisimama kweli, ikaanza tena, na safari hii wa kushoto hawakuchelewa. Alifukuzwa kwaya kwa wiki sita, akarudishwa baada ya nne. Alimaliza sekondari mwezi Mei 1969, akaingia chuo kikuu Río Piedras mwezi Agosti mwaka huohuo, na tarehe 25 Mei 1973 akatunukiwa shahada ya elimu ya muziki.

Ni katika maktaba ya chuo hicho, mwezi Februari 1972, nilipomfahamu, mimi nikisomea upimaji wa ardhi na nikiwa na tabia ya kugonga meza kwa penseli ninapopiga hesabu. Alikuja kutoka meza ya pili, nikadhani ananijia kwa wema, akasema, "Kaka, ama uache, ama ugonge sawasawa." Nilijaribu kugonga sawasawa. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa na kusema, "Basi acha."

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Juni 1975, katika kanisa hili hili, na waliokuwapo wanakumbuka kwamba nilipoulizwa kama namkubali, nilijibu ndiyo, naye akanigeukia mbele ya padri akasema, "Sauti, Eliezer, watu wa nyuma hawajasikia," nikarudia, kisha akaona ya pili imekuwa kali mno, hivyo mimi ni mwanamume pekee wa parokia hii aliyekubali mke mara tatu katika misa moja, na sijawahi kuomba kuifuta hata moja. Mungu alitujalia watoto wawili, Nereida, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1977, na Abdiel, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1980, ambao wote wawili walichagua kazi za kimya, mmoja mfamasia na mwingine mtunza maktaba, na mama yao alisema anawaelewa.

Kuhusu kazi yake, naomba niwaeleze ndugu wa upande wangu, ambao kwa miaka hamsini mmekuwa mkiniuliza kama mke wangu anaimba au anapiga chombo gani, kwamba Migdalia alikuwa mtayarishaji wa rekodi, maana yake ni yule anayekaa upande wa pili wa kioo cha studio, anayechagua nyimbo, anayewaita wapigaji, anayewatenganisha wanapogombana, na anayesema lini wimbo umekamilika. Aliajiriwa tarehe 2 Julai 1973 kama karani katika studio moja ya mtaa wa Cerra, Santurce, na mwezi Oktoba 1979, mtayarishaji wa pale alipolazwa kwa ugonjwa wa ini katikati ya rekodi, alikalia kiti chake ili kisikae kitupu, akatayarisha rekodi sitini na tatu, akashuka kwenye kiti hicho tarehe 31 Machi 2023. Mpiga konga mmoja, ambaye namwona hapa na sitamtaja, alimwuliza wiki ile ya kwanza, "Mama, bosi anarudi lini?" naye akajibu, "Amesharudi, na wewe umeingia na viatu vinavyolia, vua," na mtu huyo amerekodi pekupeku kwa miaka arobaini na tatu.

Sasa nifike kwenye Tuzo ya Kengele, kwa sababu najua ndiyo mnayoinong'onea tangu asubuhi kwenye meza ya kahawa. Tuzo hiyo hutolewa kila mwezi Novemba kwa watayarishaji wa muziki wetu wa Kilatini, nayo ni kengele ya shaba kama ile inayopigwa na mpiga ngoma za bongo wimbo unapochemka, imepigiliwa juu ya kipande cha mti, na huwezi kuipiga kwa sababu wameijaza madini ya risasi ndani. Migdalia aliteuliwa kuiwania kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Hakuwa na haja na shaba. Alichotaka, na aliniambia waziwazi tukiwa kwenye gari siku ile, ni kitu kimoja: "Mwimbaji jina lake liko mbele, mpigaji watu wanamwona. Mimi nataka mara moja tu, mtu ambaye si ndugu yangu, ambaye sijamlisha wala sijamfokea, asome jina langu kwa sauti na neno mtayarishaji likiwa pembeni yake." Kwa miaka thelathini na saba jambo hilo ndilo lililokosekana nyumbani kwetu.

Alishindwa mwaka 1986, 1989, 1992 na 1995, kila mara na mtu ambaye alikubali kwamba alistahili, isipokuwa yule wa 1992.

Mwaka 1998 alishinda, kwa namna fulani, na lazima niieleze vizuri kwa sababu mhusika yuko safu ya pili na amenipa ruhusa. Studio za Cerra zina desturi kwamba anayewalisha wapigaji siku za kurekodi huandikwa jina nyuma ya kava la rekodi pamoja nao, na rekodi ya mwaka huo ililishwa siku tisa mfululizo na Doña Providencia Matos, jirani yetu, kwa wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe. Siku ya sita mwimbaji na watu wa tromboni waligombana kuhusu ufunguo wa wimbo, yaani uimbwe juu au chini, hadi kila mmoja akakaa kona yake, Migdalia akawa ameishiwa na hoja, ndipo Doña Provi alipoifunika sufuria, akatandika kitambaa juu ya mfuniko, akaukalia, na kuwaambia, "Wanangu, mimi muziki sijui. Najua chakula kinapoa. Hatakula mtu hapa mpaka wimbo uishe." Wimbo uliisha kwa dakika arobaini, na ndio ule mnaoujua wote.

Kwa shukrani, Migdalia aliandika kwenye karatasi ya kava, chini ya neno watayarishaji, kwanza Providencia Matos, kisha yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliyesoma karatasi hiyo kabla haijachapwa, nikamwambia kwamba mpangilio huo unaweza kuleta matatizo, akacheka, "Eliezer, maandishi ya nyuma ya kava nani anayasoma? Ni wewe tu." Kumbe kamati ya tuzo nayo inayasoma, na kanuni yake ya nane inasema tuzo itatolewa kwa mtu mmoja, ambaye ni wa kwanza kuandikwa.

Alhamisi, tarehe 19 Novemba 1998, ukumbini, liliitwa jina la Providencia Matos. Alikuwa amekuja kama mgeni wetu, amevaa gauni la Nereida. Alinishika mkono akauliza, "Wameniita mimi? Nimefanya nini?" Migdalia, ambaye uso wake sitaueleza, alimsukuma kwa upole, "Nenda, Doña Provi, nenda, watu wanasubiri." Alipanda jukwaani, akatazama kengele, akasema kwenye kipaza sauti, "Mimi nilipika tu. Lakini nyie hamjui hao watu walivyo, bila chakula hawajui hata kuhesabu nne. Aliyefanya kazi ni yule pale, yule mwenye shingo ndefu," naye akatunyooshea kidole mbele ya watu elfu mbili, bila kutaja jina, kwa kuwa siku zote alimwita Migda na aliona haya kulitaja jina la utani pale. Migdalia alisimama, akapunga mkono, akakaa. Ndani ya gari, tulipofika daraja la pili, alianza kucheka, na ilinibidi niegeshe.

Doña Provi aliileta kengele nyumbani kwetu mara tatu, na mara tatu Migdalia aliirudisha, akisema mshindi ni yule ambaye kanuni inamtaja, na kwamba anayetaka kujua uzito wa sufuria ile ajaribu kuikalia. Aliteuliwa tena mwaka 2003 na 2011, akashindwa, akanunua viatu vipya mara zote mbili.

Tarehe 3 Aprili 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alipokea taarifa hiyo kwa kuuliza maswali kumi na manne, nami niliyaandika pamoja na majibu. Mwezi Septemba, rekodi yake ya mwisho iliteuliwa, ikiwa ni mara ya nane, na kuanzia hapo, akiwa kitanda namba tisa katika hospitali ya Río Piedras, kila daktari alipomwambia amebakiwa na wiki ngapi za kuishi, yeye alihesabu zimebaki ngapi kufika Novemba 16, siku ya tuzo.

Alhamisi hiyo alikuwa amelala kwa dawa tuzo zilipotangazwa. Nilisikiliza redioni, kwenye korido ya hospitali. Asubuhi, saa moja kasorobo, alifungua macho, nami, ambaye katika ndoa yetu sikuwahi kumdanganya hata kuhusu chumvi, nilimwambia, "Umeshinda."

Akauliza, "Walitangaza saa ngapi?"

"Usiku."

"Usiku saa ngapi, Eliezer?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Wewe mtu wa kuniambia mvua imeanza saa nane na dakika sita, leo unaniambia usiku? Nimeshindwa. Nani kachukua?"

Nilimwambia ni Yarelis Cintrón, msichana wa Loíza, wa miaka ishirini na tisa, na kwamba ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nne. Akaomba rekodi iliyoshinda. Aliisikiliza yote akiwa amefumba macho, akasema ni nzuri kuliko yake na asingebishana, ila katika wimbo wa tatu besi inaingia kabla haijaitwa, kisha akanipa kalamu na kuniandikisha barua ya pongezi, mistari mitatu ya hongera na kurasa mbili kuhusu besi. Nilipendekeza tupunguze. "Hongera atapewa na kila mtu," alisema, "besi nani atamwambia?"

Yarelis alikuja Jumatatu, tarehe 27 Novemba, hajatangulia kupiga simu, barua mkononi, na nilidhani amekuja kugombana. Alisema, "Doña Migdalia, nimesoma. Mara ya kwanza nilitukana, unisamehe. Mara ya pili nikaisikiliza besi." Alikuwa na kompyuta yake, na wawili hao walifanya kazi kwenye wimbo ule kwa saa moja na nusu, wakibishana hadi mgonjwa wa kitanda namba kumi akaombwa kupiga kura, akapiga, na mke wangu akamwambia kwamba sikio lake ni zuri kuliko pafu lake.

Muuguzi wa zamu mpya, mgeni kabisa kwetu, ambaye hadi leo sijalijua jina lake, aliingia na daftari la wageni na kumwuliza Yarelis yeye ni nani kwa mgonjwa, kwa sababu walioruhusiwa ni ndugu tu. Yarelis, bila kuinua macho kwenye kompyuta, alijibu, "Huyu ni mtayarishaji wangu." Muuguzi akaandika, kisha, kama taratibu zinavyotaka, akasoma kwa sauti ili tuthibitishe: "Kitanda namba tisa, Migdalia Rosado Quiñones, mtayarishaji." Nilitazama saa, ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri. Migdalia hakusema neno, jambo ambalo katika miaka arobaini na minane ya ndoa nimelishuhudia mara hiyo moja.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2023, saa tano na dakika mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi minane na siku ishirini na tano. Mwanamke huyu hakuwahi kupokea Tuzo ya Kengele, na alinitaka niliseme hilo hapa bila kulipamba.

Familia inawashukuru madaktari waliojibu maswali yote kumi na manne, wauguzi, hasa yule wa daftari, majirani wa Barrio Obrero, Doña Providencia kwa chakula cha leo, na wenzake wa mtaa wa Cerra kwa kuvumilia kurudia. Migdalia, mke wangu, kazi imekamilika, na wewe mwenyewe ndiye uliyesema hivyo Yarelis alipofunga kompyuta yake. Pumzika sasa, na amani ikae nawe.